Kikapu Juu ya Kibanda Namba Kumi na Saba

Vijana wangu wa Kasulo, mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka jambo moja: mama, tutajie programu ya kufuatilia mwendo wa kamera, tununue ipi? Mara tatu! Mlidhani nimekufa? Nilikuwa napalilia maharage. Nimestaafu, na mstaafu hujibu akipenda. Leo miguu yangu imo ndani ya beseni la maji moto na simu ina chaji, kwa hiyo nawajibu. Ila sitaanza na jina la programu. Nikilitaja tu mtakimbia nalo na mengine hamtayasoma, nawajua.

Kwa yule aliyejiunga juzi na hajui tunaongelea nini, ni hivi. Unapiga video huku unatembea. Baadaye unataka kuweka ndani yake kitu ambacho hakikuwepo, tuseme nyumba, na nyumba hiyo ikae palepale wakati kamera inasogea. Programu inaitazama video yako, inachagua vidoa vidogo, kona ya dirisha, jiwe, kichwa cha msumari, inavifuata picha baada ya picha, halafu inakisia kamera ilipita wapi. Ikikisia vizuri, nyumba inatulia. Ikikisia vibaya, nyumba inatembea kama mlevi anayetoka kilabuni. Kazi ni hiyo, mengine yote ni mbwembwe.

Mimi nilianza na harusi, kwa kamera za kanda, zile za kubeba begani hadi shingo inapinda. Wimbi la kwanza la wakimbizi, la Wanyarwanda, lilinikuta binti mwenye studio ya picha pale Nyakanazi, kando ya barabara. Hadithi yangu ya leo ni ya wimbi la baadaye, la Warundi, wakati huo nywele zangu zimeshaanza kuwa na mvi na nimejifunza kompyuta ukubwani. Watu walikuwa wanavuka mpaka, wanapokelewa kwenye kituo kilichokuwa juu kidogo ya Mugoma, wanakaa siku chache, kisha mabasi yanawachukua kupitia Nyakanazi kwenda kambi za Kigoma. Shirika moja lilinipa kazi mimi na kijana wangu wa uhariri, Deo. Tutengeneze filamu fupi ya dakika nne. Ionyeshwe kwenye televisheni kule mpakani, pale watu wanapokunywa uji wakisubiri basi, ili wakifika kituoni wajue pa kwenda.

Kituo chenyewe kilikuwa na vibanda arobaini, vyote vyeupe, vyote sawa, utafikiri vimezaliwa siku moja. Kibanda namba kumi na saba ndicho cha kutafuta ndugu waliopotezana. Kipaza sauti kiliita majina toka asubuhi hadi jioni. Sisi tuliona kazi ni rahisi: tutaandika maneno, tutaweka sauti ya Kirundi, tumemaliza.

Ndipo akaja Esperansi.

Tulikuwa tunafanyia kazi kwenye stoo, ukuta mmoja na jenereta, kwa hiyo ilibidi apige kelele. "Shikamoo mama!"

"Marahaba! Ingia, usisimame mlangoni."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge kimoja, viatu vya watu wawili tofauti. Alizungumza Kirundi na Kiswahili cha sokoni, na mimi Mhangaza, lugha yetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo tulielewana bila mkalimani. "Ninyi ndio mnatengeneza picha za televisheni?" aliuliza. "Mama yangu hasikii. Hasikii kabisa, tangu nikiwa mdogo. Tulipotezana usiku watu walipokimbia. Hicho kipaza sauti kinamwita kila siku. Kinamwita nani? Na kusoma hajui. Na mikono yake anayoongelea, mimi tu ndiye naielewa. Akishuka atafuata foleni, atapandishwa basi jingine, mimi nitakuwa kambi hii na yeye ile. Nani atamuuliza jina lake?"

Deo akaacha kuchapa. Esperansi alikuwa ameshakataa mabasi mawili kwa ajili ya kumsubiri. Mkuu wa kituo, baba mpole tu lakini vibanda vilikuwa vimejaa hadi pomoni, alimwambia ataondoka na basi la Ijumaa ya wiki inayofuata, hakuna mjadala. Zilibaki siku kumi na moja.

Nikamuuliza mama yake anajua nini hapa duniani. Akacheka, machozi yakimlengalenga. "Vikapu. Anasuka igiseke. Akiona igiseke sokoni lazima akishike akitoe kasoro." Igiseke ni kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, hata huku kwetu Ngara kipo kwenye kila harusi. Basi tukaamua palepale. Kamera itatoka getini, itapita kati ya vibanda, hadi mlango wa namba kumi na saba, na juu ya paa lake kutakaa igiseke kubwa, kubwa kuliko kibanda chenyewe, kinachoonekana tangu getini. Hata asiyesikia, hata asiyesoma, atajua pale pana jambo. Mtaniuliza, si mngetundika kikapu cha kweli? Tulitundika pia, juu ya mti mlangoni. Lakini kikapu cha kweli ni kidogo kama kichwa cha mtu, na kutoka getini vibanda kumi na sita vinakikinga. Filamu ndiyo ingemfikisha pale mlangoni.

Video tuliipiga jioni ileile. Sasa tuje kwenye programu, mlikokuwa mnakimbilia.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa inayosifiwa na wote. Deo alipata nakala iliyovunjwa kufuli, ikaja kwa flashi kutoka Mwanza, kondakta wa basi akaishusha Nyakanazi nikaipokea mwenyewe. Ilifunguka kwa madaha, ikafanya kazi dakika kumi, ikajifunga. Tukaifungua, ikajifunga. Siku mbili za Esperansi zikaishia hapo, pamoja na mafaili yangu ya harusi tatu yaliyoliwa na virusi. Tukashusha nakala yake ya kujaribu, halali kabisa, kwa mtandao wa kuomba Mungu. Hiyo ilifuatilia vizuri mno, ikatuonyesha matokeo kwenye kioo, halafu tulipotaka kuyatoa tuyapeleke kwenye programu ya kujengea kikapu ikasema hapana, nunua kwanza. Kwa hiyo kabla hujapenda programu, itoe matokeo yake uone kama yanafunguka unakoyataka. Fanya hivyo siku ya kwanza, si ya tatu kama sisi.

Ya pili ilikuwa imo ndani ya programu yetu ya kuhariri. Kitufe kimoja tu. Deo alibonyeza, tukanywa chai, tukarudi, ikatupa namba ya kosa ndogo ajabu. Kila programu hutoa namba hiyo kukuambia imekosea kiasi gani, na ikiwa ndogo watu hushangilia. Deo alinirukia kunikumbatia. Tukaweka kikapu, tukaangalia mara moja kwenye kioo kidogo cha laptopu, tukaipeleka filamu mpakani siku hiyohiyo.

Kesho yake mpishi mkuu wa kituo, mwanamume mnene anayeitwa Baba Furaha, alikuja stoo akiwa na mwiko mkononi.

"Mama Domitila, mmewaambia nini watu?"

"Tumewaambia nini tena?"

"Tangu asubuhi wanaingia jikoni kwangu wanatafuta ndugu zao! Mmoja anainua mifuniko ya masufuria!"

"Na wewe umefanya nini?"

"Ningefanya nini? Nimewapa uji."

Tukaunganisha laptopu kwenye televisheni kubwa ya ofisi. Loo! Kikapu kilianza vizuri juu ya kumi na saba, lakini kadiri kamera ilivyotembea kikawa kinateleza kulia, taratibu, kwa adabu, na mwisho wa picha kilikuwa kimekaa juu ya paa la jiko. Namba ya kosa ilikuwa nzuri, kikapu kilikuwa jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliwaza, kama yule mama angepita siku ile, tungemnywesha uji na kumpandisha basi la kwenda asikojua.

Aliyetuokoa ni Mzee Simeo, mpima ardhi mstaafu, ambaye katika wimbi la kwanza alipima kambi nzima nzima kwa vigingi na kamba. Kompyuta hakuijua hata kuiwasha. Alikuja kumsalimia Baba Furaha, akakuta tunagombana, akavaa miwani yake iliyofungwa na uzi.

"Hivi vidoa vya kijani ni nini?"

"Shikamoo mzee. Ndizo alama ambazo programu imezichagua," Deo alijibu.

"Marahaba. Mbona zipo kwenye migomba?"

Tukatazama. Kweli, nyuma ya vibanda kulikuwa na shamba la migomba, na majani yake yenye kingo zilizochanikachanika yalikuwa yamependwa na programu kuliko kitu kingine chochote. Vibanda vyeupe havikuwa na doa la kushika. Upepo ulikuwa unapuliza majani yote upande mmoja, yote yakakubaliana, programu ikayaamini.

"Mwanangu," Mzee Simeo alimwambia Deo, "umepima ardhi kwa majani ya mgomba? Mimi ningefanya hivyo wangenifunga. Kigingi hakipepei!" Akacheka hadi akakohoa, na Deo akanuna siku nzima.

Basi tukaenda kwa ile ya tatu, programu ya bure, jina lake nitawatumia mkimaliza kusoma, ambayo tangu mwanzo tuliidharau kwa sababu ya ubure wake. Haina kitufe cha miujiza. Unachagua alama mwenyewe kwa mkono, moja moja, na inakuonyesha ni alama ipi inadanganya ili uifute. Ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji mtandao, na laptopu yetu ya kizamani iliimudu. Ila alama za kushika hazikuwepo. Mzee akasema, "Wekeni vigingi vyenu." Deo alikuwa ameona kwenye picha za wataalamu kwamba huweka alama za msalaba ulioinama, X, kwenye kuta. Mimi, naomba mnisikilize vizuri, mimi mwenyewe Domitila ndiye niliyesema zipakwe kwa rangi nyekundu ili zionekane.

Asubuhi tukapaka X kwenye vibanda kumi na sita, kubwa, nyekundu. Tukarudi stoo kuchaji betri.

Wenzangu, studio yangu ya Nyakanazi iliwahi kuwekewa X. Barabara ilikuwa inapanuliwa, wakaja na kopo na brashi, na baada ya miezi kadhaa baraza langu lote lilikwenda na tingatinga. Mtoto wa chekechea wa nchi hii anajua X nyekundu ukutani maana yake ni bomoa. Mimi nilijua kuliko wote. Nilikuwa nafikiria alama za programu tu, akili yote imeingia kwenye kompyuta.

Tulipotoka na kamera tukakuta magodoro nje. Watu wanafunga vyombo kwa vitenge, akina mama wanaita watoto. Habari ilikuwa imezunguka kituo kizima: tumewekewa X, tunavunjiwa, tunarudishwa. Na basi la siku ile lilikuwa getini likinguruma, watu wanaligombea kuliko siku zote, maana afadhali kambi ya mbali kuliko kurudishwa. Nikamtafuta Esperansi kwa macho mlangoni pa kumi na saba, alipokuwa anakaa kila siku. Hayupo.

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na goti bovu, nikakimbia. Nilimkuta ngazi ya pili ya basi, bahasha ya karatasi zake kwapani, anapandisha furushi.

"Esperansi, shuka!"

"Mama, wanavunja! Nikibaki nitarudishwa, nikirudishwa nitamngoja nani?"

"Shuka! Hiyo X ni yangu! Nimepaka mimi!"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Nikamwonyesha mikono, rangi ilikuwa bado chini ya kucha. Akashuka. Akaketi juu ya furushi lake, amenipa mgongo, na alikuwa na haki.

Mkuu wa kituo alinipa kipaza sauti, nikaomba radhi kwa Kihangaza, nikirudia hadi sauti ikakauka. Mzee mmoja akaniuliza, kwa utulivu tu, "Mama, alama zote zilizopo duniani, kwa nini hiyo?" Kisha nikawaeleza tulichokuwa tunatafuta na nani tunamtafuta. Hapo mambo yakageuka. Wanawake wakaleta majivu na matambara, wakasugua X zote. Mmoja wao akasema, kama mnataka kitu kisichosogea, si mchukue mawe? Ofisi ilikuwa na ndoo ya chokaa, ile ya kupaka mawe ya njiani mgeni mkubwa akija. Tukakusanya mawe ishirini na nne, tukayapaka, kila moja tukalitia doa la mkaa katikati. Mzee Simeo akayapanga, mengine karibu na njia, mengine mbali, mengine juu ya vichuguu, maana alisema ukiyaweka yote kwenye mstari mmoja hujui mbali ni wapi na karibu ni wapi. Akapima kwa futi kamba kutoka jiwe hadi jiwe, Deo akaandika kwenye daftari pamoja na urefu wa kamera kutoka chini na lenzi tuliyotumia. Yale maandishi ya daftari yalitusaidia kuliko kitufe chochote.

Tukapiga video upya. Safari hii namba ya kosa ilikuwa kubwa kidogo kuliko ile ya migomba. Deo akasonya. Nikamwambia asiitazame, aweke kisanduku kidogo juu ya kila jiwe, tutembee na picha hadi mwisho. Visanduku ishirini na nne, vyote vikakaa kwenye mawe yake. Jaribuni hivyo hivyo na programu yoyote mtakayoambiwa ni nzuri. Na ipeni picha yenu mbaya kuliko zote, yenye vumbi na upepo na mbuzi anayekatiza, msiipe picha ya maonyesho. Kisha tukafanya jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo: tukamchukua mama mmoja aliyeingia asubuhi ile, ambaye hakukijua kituo, tukamwonyesha filamu bila sauti, tukamwambia nenda. Akaenda moja kwa moja hadi kumi na saba. Baba Furaha alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko wake akihakikisha.

Filamu ikapelekwa mpakani siku ya Jumatatu. Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Esperansi alikaa mlangoni chini ya kile kikapu cha kweli, na mimi nikawa naogopa kupita upande ule.

Alhamisi, saa nane mchana, basi lilishusha watu. Nilikuwa getini na Deo. Akashuka bibi mmoja mfupi, kilemba cheusi, hana mzigo. Wenzake wote wakaelekea foleni ya uji. Yeye alisimama, akawa anatazama juu ya mapaa, sio watu. Mlinzi akamshika mkono kwa upole amwelekeze kwenye foleni. Bibi akamkung'uta kama anayefukuza nzi, akaanza kutembea. Alipofika jiwe la kwanza lenye chokaa akaligusa kwa mguu. Akatafuta la pili. Deo akanishika bega, akalibana hadi likaniuma.

Sikuona walivyokutana, kwa sababu nilikuwa nalia, nalia kwa sauti, na sioni haya kuwaambia. Nilisikia tu Esperansi anaita "Mama we! Mama we!" kumwita mtu ambaye hajawahi kumsikia.

Tulipofika, bibi alikuwa ameshamshika binti yake kiunoni kwa mkono mmoja, na mwingine unarusha maneno hewani haraka haraka, akionyesha juu, kisha mimi, kisha juu tena. Uso umekunjamana. Nikauliza anasema nini. Esperansi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Anauliza nani amesuka kile cha televisheni. Anasema kimesukwa kinyume. Mistari inazunguka upande usio wake. Anasema alisitasita kupanda basi, akadhani ni cha watu wengine."

Nilichukua michoro ya kikapu mtandaoni, sikumuuliza hata Esperansi, aliyekuwa mita mia kutoka kwenye stoo yangu.

Alasiri ileile, kabla jenereta halijazimwa, bibi alikaa kwenye kiti cha Deo mbele ya kompyuta ambayo hajawahi kuiona. Nikafungua programu, nikaweka mkono kwenye mausi. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vikavu, vigumu vya msusi, akauzungusha upande wa pili, taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, hadi kikapu chote kikageuka. Kisha akanipiga kofi dogo begani, Esperansi akasema maana yake ni "sasa ndiyo sawa". Ijumaa asubuhi walipanda basi moja, wakakaa kiti kimoja, na filamu mpya ikaenda mpakani.